Je, Kupiga Picha za Milima ni Kazi?

Swali hili si letu. Ni la mama mmoja wa hapa Miasenyi aliyesimama katika mkutano wa wazazi akasema: "Huyu wangu amemaliza Kidato cha Nne. Kibarua hataki. Anataka tuuze mbuzi anunue kamera, na si ya kupiga watu, ati ni ya kupiga milima! Nyinyi wa maendeleo mtuambie, hiyo ni kazi au ni wazimu?" Watu walicheka sana. Mama mwenyewe hakucheka, kwa sababu mbuzi hao ndio karo ya mdogo wake kijana huyo. Tulimwahidi tutamjibu kwa maandishi baada ya kuulizia vizuri. Jibu lenyewe ni hili, na wazazi wengine walio na swali kama lake walisome pia.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Picha ya mandhari ni picha ya nchi: mlima, tambarare, anga, njia, silanga lililokauka, mti uliosimama peke yake. Mtu au mnyama akiwamo ndani, yumo ili mtazamaji aone ukubwa wa mahali. Mpiga picha wa harusi huweza kumwambia bibi arusi ageuze uso. Huwezi kuuambia mlima wa Kasigau usogee kidogo. Kwa hiyo kazi kubwa ya mtu huyu ni kujua asimame wapi, aje saa ngapi, na angoje kwa muda gani. Kidole kwenye kitufe ni jambo la mwisho kabisa.

Tena kijana huyu hakuota jambo geni. Nchi hii yetu imepigwa picha kwa zaidi ya miaka 120. J. H. Patterson, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli la mto Tsavo mwaka 1898, wakati simba wale wawili walipokuwa wakila wajenzi wa reli, alitoa kitabu mwaka 1907 chenye picha za nchi hii. Mmarekani Peter Beard alitoa kitabu chake juu ya wanyama wa Afrika Mashariki mwaka 1965, kisha ukame wa mwaka 1970 na 1971 ulipoua ndovu wa Tsavo kwa maelfu, akawapiga picha kutoka kwenye ndege, mizoga imelala kwenye udongo mwekundu. Picha hizo aliziongeza katika toleo la mwaka 1977. Na juzi tu, mwaka 2017, Mwingereza Will Burrard-Lucas alipiga picha Tsavo ndovu jike mzee ambaye pembe zake zilifika chini ardhini. Ndovu huyo alikufa muda mfupi baadaye, na kitabu cha picha zake kikatoka mwaka 2019.

Hebu tazameni orodha hiyo. Nchi ni ya kwetu, vumbi ni la kwetu, ndovu wanaovunja matangi yetu ya maji ni hao hao. Majina kwenye vitabu ni ya wageni. Wazee walisema mgeni aje mwenyeji apone, lakini katika jambo hili mgeni amekuja, amepona yeye, na mwenyeji amebaki akitazama. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu wageni. Walifanya kazi ngumu, na bila wao tusingekuwa na picha ya ukame ule wa 1970. Tunasema ili mzazi ajue kwamba kitu anachokitaka mwanawe kina thamani mahali fulani.

Afrika Mashariki nayo imetoa mabingwa wake. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, baba yake akiwa mtu wa kazi za reli. Akiwa mtoto wa shule alinunua kamera kuukuu ya aina ya Box Brownie, yaani kasha lenye tundu la kioo mbele, hakuna zaidi. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix. Wengi wanamkumbuka kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984, lakini alitoa pia vitabu vya mandhari ya Kenya, na mwaka 1986 yeye na wenzake walitoa kitabu cha picha za reli yetu hii ya zamani inayotoka Mombasa kupanda bara. Alikufa mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara karibu na Visiwa vya Ngazija. Katika kizazi cha sasa yuko Mutua Matheka, aliyesomea usanifu wa majengo katika chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, kisha akashika kamera, na picha zake za jiji la Nairobi na za sehemu nyingi za Kenya zimewafanya Wakenya wenyewe waione nchi yao upya.

Mapenzi ya kazi yanatoka wapi?

Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea njia. Wamesikia kwamba mtu lazima kwanza aipende kazi kwa moyo wote ndipo aianze. Basi wanakaa wakingoja huo moyo, kama mtu anayengoja matatu kwenye barabara ambayo matatu hazipiti. Kwa kazi hii sisi tumeona kinyume chake. Mapenzi huja kwa kurudi, tena kurudi mahali pale pale.

Chukueni mfano wa Ansel Adams wa Marekani, ambaye wapiga picha za mandhari dunia nzima wanamhesabu kama babu yao. Mwaka 1916, akiwa na miaka 14, wazazi wake walimpeleka kutembea katika bonde la Yosemite na kumpa kamera, nayo ilikuwa Box Brownie, aina ile ile ya Mohamed Amin. Wakati huo hakuwaza kuwa mpiga picha. Alikuwa anajifunza piano na alitaka kuishi kwa piano. Lakini alirudi Yosemite mwaka uliofuata, na uliofuata, akarudi kila mwaka mpaka alipofariki mwaka 1984. Aliwahi hata kuwa mtunzaji wa nyumba ya wapanda milima huko, kazi ya kawaida kabisa. Picha iliyomfumbua macho aliipiga mwaka 1927, miaka kumi na moja baada ya safari ya kwanza. Alipanda kwenye theluji na mzigo wa kamera na sahani 12 za vioo, na alipofika mbele ya lile jabali refu la Half Dome zilikuwa zimebaki mbili tu. Ya kwanza aliona haikutoa kile alichokisikia moyoni. Kwa ile ya mwisho akaweka kioo chekundu mbele ya lenzi, mbingu ikatoka nyeusi na jabali likasimama kama linavyomsimamia mtu aliye chini yake. Kama angekuwa mgeni wa siku mbili, asingejua jabali lile linataka nini.

Hapa kwetu yuko kijana mmoja, jina tunaliacha kwa ombi lake, ambaye alianza kwa sababu ya kuchoka. Alikuwa akichunga mbuzi wa nyumbani, simu mkononi, hana la kufanya. Akawa anapiga picha Kasigau kila asubuhi kutoka kwenye jiwe moja. Wiki ya kwanza, anasema, picha zote zilikuwa sawa na zote zilikuwa mbaya. Mwezi wa tatu akaanza kuona hazifanani hata kidogo. Akachukua daftari la shule, akawa anaandika tarehe, saa, upepo, kama mvua ilinyesha jana au la. Sasa ukimuuliza atakwambia ni siku gani za mwaka jua linazama karibu zaidi na Kasigau na siku gani linakwenda kuzama mbali upande wa Sagalla. Atakwambia kwamba mibambara, miti ile ya kijivu unayodhani imekufa, huchipua siku chache tu baada ya mvua ya kwanza ya vuli, na kwamba ule ujani wake wa kwanza haukai. Siku hizi anaamka kabla ya jogoo bila kuamshwa. Mama yake anasema hajawahi kumwona akiamka hivyo kwa jambo lolote, hata mtihani wa taifa.

Mgeni analipia siku tatu za hoteli. Zikiwa za vumbi, anaondoka na vumbi. Kijana wa Miasenyi anazo siku 365, na hiyo ndiyo mtaji wake wa kwanza.

Jua la kwetu halingoji mtu

Jambo moja tulijifunza katika kuulizia tunaona ni la faida kubwa. Vitabu vingi vya kufundisha upigaji picha vimeandikwa Ulaya na Marekani. Huko, hasa majira ya baridi, jua hukaa chini mchana kutwa. Mjini London mwezi wa Desemba jua la adhuhuri halipandi juu kuliko jua letu la saa moja na robo asubuhi. Kwa hiyo vitabu husema mwanga mzuri, ule laini wa rangi ya dhahabu, unakaa muda mrefu. Sisi tuko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Jua letu hupanda wima kama mtu anayepanda mnazi. Huchomoza karibu saa kumi na mbili na robo, likizidi au kupungua kama robo saa kwa mwaka mzima, na baada ya nusu saa ule mwanga laini umekwisha. Kufika saa tatu nchi imekuwa bapa, haina vivuli, na rangi zimepauka. Jioni ni vile vile, na giza likishuka limeshuka.

Maana yake ni kwamba lazima uwe umefika, umesimama na umetulia kabla jua halijatoka. Anayefika jua likiwa juu ya miti amekuja kutazama tu.

Asubuhi jua hupiga ule uso wa Kasigau unaotazama kwetu, na unaweza kuona mikunjo ya mlima na msitu juu yake. Jioni mlima huwa kivuli cheusi, wenye sura tu. Wakati wa kiangazi, vumbi na moshi vikiwa hewani, mlima wote wa mita zaidi ya 1,600 hupotea usiuone kabisa. Asubuhi baada ya mvua kubwa hewa huoshwa, na mlima unakuwa kama umesogea karibu usiku. Siku hizo ni chache, nazo ndizo za kutoka nje.

Vyombo, na wale mbuzi

Mama, msiuze mbuzi. Angalau si mwaka huu.

Simu ya kawaida yenye kamera inatosha kwa mwaka wa kwanza, kwa maana katika mwaka huo kijana hajifunzi kamera; anajifunza mwanga na kusimama. Kamera nzuri ya mitumba huweza kula mbuzi watano au sita, na bado hujanunua lenzi ya pili, wala stendi ya miguu mitatu, wala betri ya akiba. Maoni yetu kwa vyama vya akiba na mikopo ni haya: kijana akija kuomba mkopo wa kamera, msimuulize kama anaipenda kazi, kwa sababu kila mtu atasema ndiyo. Mwambieni alete picha arobaini za mahali pamoja, alizopiga katika siku arobaini tofauti, na daftari lake. Akizileta, mjadili. Asipozileta, mmejua, na hakuna aliyeumia.

Kamera yenyewe, ikifika, ina mambo matatu ya kuelewa. Kuna tundu la lenzi, linalofunguka na kufunga kama mboni ya jicho. Likiwa dogo, vitu vya karibu na vya mbali vyote huonekana wazi, na hicho ndicho anachokitaka mpiga mandhari mara nyingi. Kuna muda ambao tundu linaachwa wazi. Na kuna wepesi wa kamera kupokea mwanga, ambao ukizidishwa picha hutoka na chembechembe kama imemwagiwa mchanga. Ukipunguza tundu lazima uongeze muda, na ukiongeza muda mkono utatikisika, ndiyo maana ya ile stendi ya miguu mitatu. Fundi wa hapa anaweza kuitengeneza ya mbao. Adui mkubwa ni vumbi letu jekundu. Usibadilishe lenzi kwenye upepo wala ndani ya bodaboda inayokimbia. Funga kamera kwa kitambaa safi, kisha mfuko wa plastiki mgumu juu yake.

Ndovu pia si hadithi. Saa ile ya mwanga mzuri ndiyo saa wanayorudi kutoka kwenye mashamba na masilanga. Kijana asitoke peke yake, wasichana kwa wavulana. Waende wawili, waage nyumbani na waseme wanaelekea wapi.

Mkate unatoka wapi?

Tuseme kweli. Hapa Miasenyi hakuna mtu atakayenunua picha ya Kasigau kesho asubuhi. Kila mtu anauona mlima bure. Adams mwenyewe kwa miaka mingi aliishi kwa kazi za kuagizwa, za makampuni na matangazo, na Mohamed Amin alianza kwa kukimbilia habari na mashindano ya magari. Basi kijana atapiga picha za paspoti, harusi, mazishi, ubatizo, sherehe za shule. Tunawasihi vijana wasidharau kazi hii. Ndiyo inayolipia betri.

Wanunuzi wa mandhari wapo, ila wanatafutwa. Hoteli na kambi za kando ya Tsavo zinahitaji picha za kuta na za matangazo, na wengi wao hununua picha zilizopigwa kwa siku moja na mtu wa mbali. Miradi ya misitu na wanyama katika maranchi yetu, kama ule wa ukanda wa Kasigau ulioanza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2011, huandika ripoti kila mwaka, na ripoti inahitaji picha. Wako wachapishaji wa kalenda, wako watalii wenyewe. Na tangu garimoshi jipya lianze safari mwaka 2017 na Miasenyi kupewa stesheni yake, kijana anaweza kubeba picha zake zilizochapishwa mpaka Voi au Mombasa na kurudi bila kuuza kuku.

Lakini iko faida nyingine ambayo haiingii kwenye mfuko wa mtu mmoja, na sisi ndiyo tunayoijali zaidi. Tulizunguka nyumba kadhaa tukitafuta picha ya Miasenyi kabla ya tuta la reli mpya kujengwa. Tulipata tatu tu. Zote zilikuwa za sherehe, na ile tambarare ilionekana nyuma ya mabega ya watu kwa bahati. Katika ukame wa mwaka 2022 serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini kati ya Februari na Oktoba, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mifugo yetu hatuna hesabu yake wala picha yake. Mwaka uliofuata mvua ilikuja ikafurika. Kama mtu angekuwa amesimama mahali pamoja, mbele ya silanga moja, akapiga picha kila mwezi tangu lilipokuwa na maji mpaka likapasuka ardhi mpaka likajaa tena, tungeingia ofisi yoyote ya kaunti na picha hizo, tukaziweka mezani, tusiseme mengi. Kijana wetu wa daftari ameanza kufanya hivyo sasa.

Kabla hamjatoka

Ndani ya mbuga ya taifa, mtu anayepiga picha za biashara aulizie kwanza ofisi ya KWS pale Voi, asikate tikiti ya kutembea akafanya kazi. Ranchi zina wenyewe na zina walinzi. Ombeni ruhusa kwa maandishi. Kwenye stesheni na reli waulizeni walinzi kabla ya kutoa kamera. Ndege ndogo za kupigia picha zina sheria zake za mwaka 2020; lazima isajiliwe na mamlaka ya usafiri wa anga, na mbugani hairuhusiwi bila kibali. Mtu akionekana wazi kwenye picha unayotaka kuiuza, zungumza naye kwanza akubali.

Na haki ya picha: kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, picha uliyoipiga kwa hiari yako ni mali yako, na inalindwa kwa miaka 50. Lakini mtu akikuagiza na kukulipa uende ukampigie, haki hiyo huhamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo hoteli ikikuita, andikeni karatasi kabla hujapanda jiwe, hata ya mistari mitano: picha ngapi, za kutumia wapi, kwa muda gani, na mwenye picha ni nani. Anayetaka kusaidiwa kuandika karatasi hiyo aje ofisini kwetu siku ya soko. Hatutozi kitu, ila aje na kalamu.